Zollverein, Essen: nyota nne kati ya tano, na ile moja sio kosa lao

Nianze na hili usije ukashangaa kama mimi: ukienda Zollverein, mgodi wa zamani wa makaa ya mawe mjini Essen, Ujerumani, hushuki chini ya ardhi. Mi nilikuja na buti kabisa za kuingilia shimoni, kumbe mgodi ulifungwa 1986 na ziara yote ni huku juu kwenye majengo. Kama shida yako ni handaki nenda makumbusho ya migodi pale Bochum, mji wa jirani, wana handaki la maonyesho, japo halijawahi kutoa hata gunia la makaa.

Ila mahali penyewe, aisee. Unachukua tramu 107 kutoka stesheni kuu ya Essen, ukishuka tu unakutana na mnara wa shimo namba 12, mita 55 za chuma, na majengo ya matofali mekundu yamenyooka kama yamechorwa na rula, na enzi zake hapo zilikuwa zinapanda tani kama 12,000 za makaa kwa siku. Kuzunguka nje bure, tiketi ni za makumbusho na ziara. Ruhr Museum, makumbusho ya huu mkoa wa makaa unaoitwa Ruhr, wameiweka mulemule yalimokuwa yanaoshewa makaa, unapandishwa na ngazi za umeme ndefu balaa, halafu ndani unashuka ngazi zinawaka rangi ya chungwa kama chuma kimetoka tanuruni sasa hivi, na mashine za zamani ziko palepale pembeni yako. Jengo la boila nalo ni Red Dot, makumbusho ya ubunifu, kiti kipya kinang'aa na nyuma yake bomba lina kutu. Nilikaa humo mpaka miguu ikauma.

Kilichonikaa kichwani ni muda. Mgodi umefungwa 1986, jimbo likalinunua eneo badala ya kuacha lifumuliwe liwe skrepa, UNESCO wakaliorodhesha urithi wa dunia 2001, Ruhr Museum ikafunguliwa humo 2010. Miaka 24! Na hapo ni Ujerumani, wenye hela zao, afu kuna watu wanataka mji uliofungiwa kiwanda ufufuke kabla ya uchaguzi ujao.

Sasa ile nyota iliyopungua. Kuna wakati mgodi huu ulikuwa na watu kama 8,000. Leo humo kuna wanafunzi wa ubunifu, ofisi, watalii kama mimi, vizuri sana, lakini mtu aliyechimba makaa miaka 20 humgeuzi mchora viti. Hata kuleta kiwanda kingine sio dawa ya uhakika, Bochum walipata kiwanda cha magari cha Opel 1962 makaa yalipoanza kuyumba, na hiyo nayo ikafungwa 2014. Mi naona kilichobeba mkoa ule zaidi ni vyuo, maana hata miaka ya 1950 eneo lote la Ruhr halikuwa na chuo kikuu hata kimoja.

Tenga siku nzima. Na ukimaliza usikimbilie stesheni, endelea na hiyohiyo 107 mpaka Gelsenkirchen, moja ya miji yenye watu wengi wasio na ajira Ujerumani, ukae dirishani.