Kura yangu ilipokelewa Jumatatu, mshindi alitangazwa Jumamosi

Kama unapanga kupiga kura kwenye mashindano ya vipaji ya runinga msimu ujao, hela hiyo nunua mkate watoto wanywe chai. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuzificha. Jina la mashindano silitaji, wala la kituo, wala la mtandao wa simu. Ninachotafuta ni jibu.

Na niseme mapema ili mtu asinielewe vibaya: sina ugomvi na kijana aliyeshinda. Anaimba, ana pumzi, jukwaa analimudu. Ugomvi wangu ni ujumbe mmoja wa simu.

Nina duka Mbagala Rangi Tatu, duka la kawaida la mchele, sabuni, mafuta ya kupima na vocha. Runinga nimeiweka juu ya friji, na usiku wa mashindano mbele ya duka panajaa. Wengi hapa tulikuwa upande wa binti mmoja wa Tandika. Tulianza kumpenda taratibu, lakini usiku wa nusu fainali ndio alitumaliza kabisa. Katikati ya wimbo vyombo vilikatika. Sijui waya, sijui nini, bendi yote kimya. Mtangazaji akaanza kusogea na kipaza sauti chake ili aokoe jahazi, na yule binti wala hakumtazama. Akaendelea kuimba, anapiga paja kwa kiganja kushika mdundo, sauti tupu, mpaka ubeti ukaisha. Pale dukani kulikuwa na mtu amekuja na chupa yake kununua mafuta ya kula, akasahau kilichomleta. Majaji wawili walisimama. Mimi nimeangalia mashindano haya tangu enzi Bongo Star Search inaanza, na sikumbuki kuona utulivu wa namna ile kwa mtoto wa umri ule.

Ndiyo maana siku ya fainali vocha zilitoka kama maandazi ya asubuhi. Unaandika namba ya mshiriki, unatuma kwenye namba fupi, unakatwa hela, na kiwango hicho si kile cha ujumbe wa kawaida. Mzee mmoja jirani yangu, fundi cherehani, alikuja na kitochi chake akanunua vocha ya jero, akasema, "Mwanangu, niandikie namba ya yule binti, macho yangu hayaoni herufi." Nikamwandikia, nikamtumia. Na mimi nikatuma za kwangu. Salio likakatwa palepale, mimi na yeye. Jibu halikuja. Tukasema mtandao umeelemewa, nchi nzima inapiga kura, tusubiri. Mtangazaji akasema kura zimefungwa. Baadaye kidogo mshindi akatangazwa, karatasi za rangi zikamwagika, binti wetu akawa wa pili.

Jumatatu asubuhi, nafungua duka, simu inalia. Ujumbe: kura yako imepokelewa, asante, endelea kumpigia kura mshiriki wako. Endelea kumpigia! Kijana wa watu keshalala na ushindi wake usiku wa pili huo. Ukafuata mwingine, na mwingine. Mzee naye akaja na kitochi chake mkononi, ananionyesha kwa furaha, "Mwanangu, wamejibu." Nilikosa cha kumwambia.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, muziki, muziki, bonyeza hiki, bonyeza kile. Akapokea kaka mmoja. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza, nikamuuliza jambo moja tu: kura iliyopokelewa Jumatatu imehesabiwa Jumamosi? Akanijibu, "Mama, hayo ni mashindano tu, kwani ulikuwa umeweka dau?" Kwa sauti ile ya mtu anayetafuna kitu. Nikamwambia sijaweka dau, nimenunua huduma. Akasema wao wanapitisha ujumbe tu, kuhesabu ni kazi ya waandaaji. Nikawatafuta waandaaji kwa namba iliyokuwa inapita chini ya runinga kila Jumamosi. Haipatikani. Wakati wa kukusanya hela ilikuwa inapatikana.

Najua njia ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ipo. Unaanza na mtoa huduma wako, asipokutatulia ndipo unapanda kwao. Nimeanza. Lakini niambieni, fundi cherehani wa Mbagala atafuata mlolongo huo kwa ajili ya jero? Hatafuata, na anayeikata hela hiyo anajua hatafuata.

Hasira zilipopungua kidogo nilijaribu kuwa mtu wa haki. Inawezekana ni mitambo. Foleni ya ujumbe ni kitu cha kweli, hata salamu za Idi huwa zinaingia kesho yake. Pengine kura ilifika kwa wakati na ni jibu tu lililochelewa. Pengine hata zingeingia zote kijana angeshinda vilevile. Nikikaa nikatafakari nafikia mahali nasema hawa watu hawajaiba. Halafu nakumbuka kwamba hakuna aliyenionyesha idadi hata moja, na hasira zinarudi upya.

Maana hapo ndipo penye shida. Korea Kusini kulikuwa na mashindano yanaitwa Produce X 101, watu wanapiga kura kuchagua vijana wa kuunda kundi la muziki. Mwaka 2019 fainali ilipoisha walitangaza kura za kila mshiriki. Watazamaji wakakaa na kikokotoo, wakatoa kura za huyu kwa za huyu, wakaona tofauti ya 29,978 inajirudia kati ya washiriki tofauti. Bahati gani hiyo? Polisi wakaingia, na mwaka 2020 mtayarishaji wake mmoja akahukumiwa miaka 2 jela. Watazamaji wa kawaida walimkamata, kwa sababu takwimu zilikuwa mezani. Sisi huku tulionyeshwa nini? Vijiti viwili vya rangi vinapanda na kushuka kwenye kioo, havina namba, halafu bahasha. Hata mwizi angekuwepo tungemkamatia wapi? Na kama hakuna mwizi, basi wanawaumiza hata wao wenyewe, kwa sababu kijana aliyeshinda kihalali anatembea mitaani watu wanamnong'ona.

Halafu kura hazina kikomo. Simu moja inaweza kutuma usiku kucha almradi ina salio. Mwenye mjomba mwenye hela anashinda mwenye sauti. Binti wa Tandika mama yake anauza samaki wa kukaanga, wenyewe walituonyesha kwenye kipindi, kamera ikaenda mpaka kwenye karai, wakatutoa machozi. Wakishatutoa machozi wanamweka kwenye mashindano ya nani ana vocha nyingi. Weka kikomo, kila namba kura kadhaa na basi, tuone nani anapendwa na watu wengi badala ya anayependwa na watu wachache wenye uwezo. Na majaji wana asilimia ngapi? Wiki nyingine tunaambiwa majaji ndio wameamua, wiki nyingine watazamaji, na hakuna aliyetusomea utaratibu mwanzoni mwa msimu.

Ya usaili nayapitia haraka kwa sababu yamesemwa sana: kumtoa mtu kijijini, kumpanga foleni tangu alfajiri, halafu kumrusha hewani ili nchi imcheke jinsi anavyokosea. Mimi sicheki. Yule naye ana mama.

Dukani kuna wanaonituliza. Wananiambia mwimbaji Peter Msechu alishika nafasi ya pili Tusker Project Fame mwaka 2010, na leo nani hamjui Msechu. Mpwa wangu akaniongezea Jennifer Hudson wa Marekani, alitolewa American Idol mwaka 2004 akiwa wa 7, na mwaka 2007 akachukua Oscar. Kweli kabisa, na namwombea binti yetu hivyohivyo na zaidi. Lakini hilo halijibu swali langu. Mtu akikuibia gunia la mchele hutulizwi kwa kuambiwa mvua zitanyesha mwaka ujao.

Sasa nitaangalia msimu ujao? Nilishaapa hapa dukani kwamba siangalii, runinga usiku huo itakuwa kwenye mpira. Juzi binti yule akapita kwenye redio, akaimba kipande kilekile cha nusu fainali, na nikajikuta nimeongeza sauti mpaka wateja wa barabarani wanageuka. Kwa hiyo ya kuangalia sijui, naweza nikaangalia. Vipaji havina kosa. Kura ndiyo sipigi, na ye yote atakayekuja kununua vocha kwa ajili ya kura nitamwonyesha kwanza ujumbe wangu wa Jumatatu, ninao bado, sijaufuta, na sitaufuta mpaka waandaaji waseme hadharani kura zilikuwa ngapi, za nani ngapi, na zile zilizoingia baada ya mshindi kutangazwa hela yake imekwenda wapi. Mzee wangu fundi anadai jero yake. Nimemrudishia kutoka mfukoni kwangu, akakataa kuipokea. Anasema si mimi niliyeichukua.