TAHADHARI: Bangili za umeme tuli zisizo na waya, mafundi wa Mtwara na Lindi msitume hela

Ndugu zangu mafundi, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku kwetu akiuza bangili nyeusi za kuzuia umeme tuli, yaani ule unaojikusanya mwilini na kuweza kuua vifaa vya kompyuta ukivishika. Sifa anayoipigia debe ni kwamba hazina waya, kwa hiyo hazikusumbui ukiwa kazini. Nilimtumia 36,000 kwa simu, nikapata mbili: yangu na ya kijana ninayemfundisha kazi.

Huo waya ndio kazi yenyewe. Bangili ya kweli ina kibati kinachogusa ngozi, na waya wenye klipu unayoibana kwenye chuma cha kompyuta kisichopakwa rangi, ili wewe na mashine mlingane umeme. Ndani ya waya kuna kizuizi cha umeme (resistor) cha ohm milioni 1 cha kukulinda usipigwe shoti. Sasa isiyo na waya umeme inaupeleka wapi? Hakuna. Ni urembo wa mkononi.

Mwezi uliopita tulimwekea RAM (vibao vya kumbukumbu ya kompyuta) mbili mama mmoja wa duka la stationari, Chikongola. Zikawaka vizuri. Wiki ya pili mashine ikaanza kujizima na kujiwasha, na kila moja nilipoipima peke yake ilitoa makosa. Siwezi kuapa kwamba ni umeme tuli, lakini ndivyo unavyoua: mara nyingine kifaa hakifi papo hapo, kinajeruhiwa kisha kinakufa kwa mteja. Nimemlipa mama wa watu.

Msiniambie Mtwara kuna unyevu wa bahari unaopunguza umeme tuli. Chumba chenye kiyoyozi hewa yake ni kavu. Tena mtu huanza kuhisi ule mchomo wa umeme tuli kwenye volti 3,000 hivi, wakati vipo vifaa vinavyoharibika chini ya volti 100. Unaviua bila kusikia chochote.

Kabla ya kulipa, ipime bangili kwa mita ya umeme (multimeter): ncha moja kwenye kibati, nyingine kwenye klipu, isome karibu ohm milioni 1. Kama huna bangili, gusa chuma kitupu cha kasha kila mara kabla hujashika kifaa, na RAM ishike kwenye kingo zake.

RAM pia anauza, anazifunga kwa nailoni ya kawaida badala ya ile mifuko ya kijivu inayong'aa, ya kukinga umeme tuli. Ziacheni.

Nilimwomba anirudishie hela, akasoma ujumbe, akaniblock. Juzi nimemwona kwenye grupu la Masasi, jina jingine, picha zilezile. Bangili zangu bado ninazo. Anayetaka kuhakikisha aje na mita yake.