Land Cruiser ama Land Rover ya zamani kwa mtu wa Mombasa? Lala chini ya gari kwanza, bei baadaye

Kuna kaka mmoja wa Bamburi kanitumia picha jana usiku, wallahi roho imeniuma mimi ambaye gari si yangu. Kanunua Land Rover 110 ya kijani, rangi inawaka, viti vipya, redio ya kioo, taa kubwa juu ya kerea. Akaenda kubadilisha tairi, spana boi akapachika jeki chini ya chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari nzima, akaanza kupampu, gari haikupanda, jeki ndio ikapanda peke yake, ikatoboa chuma ikaingia ndani na kutu ikamwagika chini ya kujaza koleo. Na siku ya kununua, aliyemuuzia alitoa sumaku mfukoni akaibandika mlangoni, ikaanguka. "Umeona? Alumini tupu hii kaka, haijui kutu."

Si yeye wa kwanza kuniletea kilio cha aina hii, na kila mmoja hadithi yake inaanza na sumaku, ama rangi mpya, ama "ilikuwa ya mzungu mmoja alikuwa akiitunza sana". Basi leo naandika mwongozo wa kununua gari hizi kuukuu, nikizipanga kwa namba, na nakwambia mapema kama unataka kujua kilomita, AC na skrini tafuta kwengine. Hata injini sitaisemea sana. Injini ya gari ya miaka thelathini inafunguliwa, inachongwa, ikifa kabisa unatafuta nyengine unapachika. Chasisi ikifa umebaki na logbuku mkononi.

Kutu ya Mombasa inaanzia ndani

Hiyo sumaku haina kosa, mwenye kuishika ndio mwenye kosa. Land Rover ilipotoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani juzi tu, chuma ni cha mgao, alumini ndio iliyopatikana, wakaunda bodi kwa alumini. Bodi jamani! Chasisi ni chuma, ule ukuta ulio kati ya injini na miguu yako ni chuma, fremu iliyo ndani ya milango ni chuma. Tena alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi unazaliwa umeme mdogo usiouhisi, na hiyo alumini inaanza kuliwa polepole inakuwa unga mweupe chini ya rangi. Ukiona rangi imefura vipele kwenye pindo la mlango, ndio hiyo kazi.

Sasa chasisi yenyewe. Zile reli mbili ndefu ziko wazi ndani, ni boksi refu la chuma, na zina matundu ya kutolea maji. Ukienda Kinango ama Shimba Hills wakati wa masika udongo unaingia mule, unakauka, unaziba matundu. Ukirudi mjini upepo wa bahari unaleta chumvi yake, na chumvi huvuta unyevu hata siku mvua hakuna, kwa hivyo ule udongo haukauki kabisa na chuma kinakaa kwenye maji mwaka mzima. Kutu inakula kutoka ndani kuja nje, ukiiona nje ishamaliza kula. Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, na hapa hata hicho kipande cha mti hukikuti.

Ndio maana muuzaji mjanja hapaki rangi ya bodi tu, anapaka na chini, ile nyeusi nzito inayofanana na lami. Mimi nikiona chasisi ya gari ya 1989 ni nyeusi tii kuliko ya gari ya mwaka huu sina haja ya kuuliza bei. Gari ya kweli chini ina vumbi, ina grisi, ina oili imevuja (na kama ni Land Rover haivuji, basi oili imeisha).

Vaa dera lako kuukuu ama ovaroli, beba mkeka, tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Gonga reli ya chasisi toka mbele mpaka nyuma, penye uzima utasikia mlio wa chuma, penye kuoza sauti inakufa. Ikifa hapo chokoa na bisibisi, mwenye gari akikukataza kuchokoa mshukuru, kaokoa pesa zako. Tazama juu ya ekseli ya nyuma ambako reli imepinda, tazama lile boriti la mwisho kabisa nyuma, tazama vile vimkono vinavyotoka pembeni kushika bodi. Siku hizi kuna kamera ndogo za waya unachomeka kwenye simu, ingiza kwenye tundu la chasisi utazame ndani, mafundi watakucheka wacha wacheke.

Alafu kuna kitu sijaona mtu anakitaja: tazama ndoano ya kuvutia trela. Ikiwa imechakaa uliza ilikuwa ikivuta nini. Gari iliyokuwa ikivuta boti inarudi kinyumenyume mpaka mkia unaingia baharini, inakaa pale boti ishuke, kisha inaenda kuegeshwa hivyo hivyo bila kuoshwa. Pale Mtwapa kriki nimeona kwa macho yangu gari za pesa ndefu zinafanywa hivyo. Na gari ilokuwa kwenye viwanda vya chumvi kule Gongoni usiulize chochote, rudi nyumbani.

Ukiweza nunua gari ya bara, Nanyuki, Laikipia, Eldoret, kule hewa haina chumvi. Panda basi uende uikague huko huko, nauli hiyo ni sadaka.

Ya kwanza: Land Cruiser 70, na sitaki kelele

Najua nitatukanwa na watu wa Land Rover, niko tayari. Namba moja ni Toyota Land Cruiser 70, hasa pickup ya HZJ75 na wenzake wenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, pistoni sita, haina turbo wala kompyuta. Bodi yake ni chuma chote kwa hivyo inaoza, tena inaoza mbele ya macho yako: kwenye mfereji wa maji juu ya paa, chini ya kioo cha mbele, nyuma ya tairi ya mbele, kwenye sakafu. Hicho ndicho ninachokipendea. Kutu yake unaiona ukiwa umesimama, kabla hujatoa shilingi. Na hapa sumaku ndio inafanya kazi, izungushie kitambaa chembamba isikwaruze rangi, ipitishe chini ya milango na kwenye mfereji wa paa, ikikataa kushika pale kuna puti, ile ya kuzibia mashimo kabla ya rangi.

Chasisi yake ni nzito, pa kuchunguza zaidi ni zile sehemu springi za nyuma zinaposhikia. Spea zipo, manake gari hii ilianza 1984 na mpaka leo inaundwa, na Land Cruiser zimekuwa zikiunganishwa hapa hapa kwetu Miritini pale kiwanda cha AVA, sio kitu cha kutafuta kwa tochi. Yangu inanipa kama kilomita nane kwa lita nikiwa na adabu barabarani. Tarehe 14 EPRA wakitangaza bei mpya ya mafuta huwa nasoma kwa jicho moja.

Ila kuna mtego mmoja, zile zilizokatwa kati zikarefushwa zipakie watalii. Zinauzwa nyingi zikichoka Tsavo na bei inavutia. Chasisi imekatwa ikaunganishwa kwa weldi, na kutu hupenda sana mshono wa weldi. Kama fundi alijua kazi sawa, lakini wewe utajuaje? Mimi sinunui.

Na raha yake sasa nisemeje. Jumapili asubuhi nimelala chini ya gari na mkeka wangu, chai iko juu ya bampa, kaka yangu ananipa spana namba kumi na nne badala ya kumi na saba, mume wangu anapita anauliza kama hiyo gari siku moja itaisha kutengenezwa, namwambia ikiisha ntaiuza ninunue mbovu. Unaanza na bushi moja ya bawaba ya mlango, unagundua bawaba yenyewe imelika, mlango ukiutoa unaona pindo limeoza, ukimwita mtu wa weldi anakuonyesha na sakafu. Jioni mlango umeegemea ukuta, pesa ya mwezi imekwisha na unacheka peke yako. Asiyependa hivyo anunue gari mpya ya mkopo.

Ya pili: Land Rover Defender 110 ya 300Tdi

Sio adui yangu, nimesafiri nayo mpaka Lunga Lunga na springi zake za koili zinakubeba vizuri kuliko Toyota yangu, huo ni ukweli. 300Tdi ni dizeli ya lita 2.5 ya miaka ya tisini, rahisi kufungua, badilisha tu mkanda wa taimingi siku hiyo hiyo unayonunua, usiamini mdomo wa mtu. Tatizo ni lile lile, ina uso wa alumini na mifupa ya chuma, inakuchekea huku imeoza.

Dawa ipo, chasisi mpya zilizochovywa kwenye zinki zinauzwa Uingereza, na nikikuta Defender Mombasa yenye chasisi hiyo na karatasi zake iko sawa na Toyota kwangu, pengine imeizidi. Lakini piga hesabu ya meli, ushuru, fundi wa kunyanyua gari nzima na kuihamisha, kisha kuna habari ya namba. Namba ya chasisi imegongwa kwenye reli ya kulia upande wa mbele, na ndiyo iliyo kwenye logbuku. Ukibadilisha chasisi, ama kutu ikaila ile namba isisomeke, kazi yako ni kuelezana na watu wa NTSA wanaosajili magari. Kwa hivyo kabla ya kulipa safisha pale kwa brashi ya waya usome namba kwa macho yako, usiletewe picha ya WhatsApp.

Series III, FJ40 na nyenginezo

Series III (1971 mpaka 1985) ni Land Rover ya mtu anayependa kushika spana kuliko kuendesha. Petroli ya lita 2.25, springi za bapa, kelele, ukifika themanini mnapiga makelele kusikilizana. Kuna zilizounganishwa Thika kwa Leyland. Kwa pesa ya kiasi ndio shule nzuri kabisa ya ufundi, nyundo na bisibisi ni zile zile.

FJ40, ile Land Cruiser ya zamani, nzuri, siwezi kusema uongo, ikipita Nyali hata mimi nageuza shingo. Lakini iliacha kuundwa 1984, inaoza kila pembe, ile petroli yake ya lita 4.2 inakunywa bila haya, na bei sasa ni wazimu mtupu. Namba nne, na ni kwa sababu ya bei.

Nissan Patrol Y60 yenye injini ya dizeli ya TD42 ni gari ngumu sana na ningeiweka juu kama ningekuwa nazikuta, hapa ni za kubahatisha. Suzuki zile ndogo ni rahisi, nyepesi, zinapita kwenye mchanga ambapo mimi nimekwama, sakafu zinaoza, basi. Pajero na Trooper za zamani, kama ndio pesa uliyonayo nunua ufurahi, sina zaidi.

Sasa hawa wauzaji

Sheria ya kutoingiza gari iliyopita miaka minane kutoka mwaka wa kusajiliwa tunaijua wote, kwa hivyo hizi kuukuu hazitoki Japan kuja kwetu, zilizopo ndizo hizo hizo tunauziana. Madalali wanalijua hilo. Zamani gari kama hizi zilikuwa zimelala nyuma ya gereji Changamwe kuku wanatagia ndani, leo imepigwa sprei, imeandikwa "klasiki" na bei imeruka mpaka milioni na ushee. Klasiki gani, taa za breki zenyewe haziwaki.

Na ukiwa mwanamke ndio kabisa. Nimeenda kuangalia gari na kaka yangu ambaye hajui radieta iko mbele ama nyuma, muuzaji anaongea naye yeye, mimi niko chini nagonga chasisi. Nikitoka na kutu mkononi ananiambia "dada hiyo ni vumbi tu". Tena usikubali fundi wa muuzaji akukagulie, mlipe wako pesa ya siku nzima muende naye.

Mafundi nao nina lao. Kuna wanaokwambia umwage oili chafu ndani ya chasisi kuzuia kutu. Inasaidia kiasi, ila inamwagikia bushi za mpira zinavimba zinaoza, alafu inachuruzika mpaka barazani kwa jirani. Bora nta ya kupuliza ndani ya chasisi, na kabla ya hapo paipu ya maji baridi kwenye kila tundu mpaka yatoke masafi, na kila ukitoka ufukoni rudia kuosha.

Lakini kinachonichoma zaidi ni spea. Paipu ya radieta nimeulizia hapa mjini nikatajiwa bei nikadhani wananiuzia na radieta. Nikampigia mtu Nairobi pale Grogan kwa wauza spea, akaniwekea kwenye basi, pamoja na pesa ya parseli ikafika bado ni rahisi kuliko ya hapa. Na kontena lake lazima lilishukia bandarini Kilindini hapa Mombasa, likapita mbele ya mlango wa huyo huyo mwenye duka likapanda bara. Nikarudi kumuuliza inakuwaje, akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake, "basi kanunue huko huko." Nanunua huko huko.