Paini ya Mufindi juu ya paa la Mtwapa: chukua 4x2, achana na 2x2

Kazi yangu ni kuezeka nyumba za kupangisha, Mtwapa hadi Kilifi, Pwani ya Kenya. Mbao ninayoipima hapa ni paini ya Tanzania iliyotiwa dawa, ile ya kijani inayoingia Pwani kwa malori kupitia mpaka wa Lunga Lunga. Wenye yadi huiita yote "Mufindi" hata kama imekatwa Njombe. Sina neno nao. Ukanda ni ule ule wa nyanda za juu kusini, na Sao Hill yenyewe, shamba kubwa la miti kuliko yote ya serikali kule, liko Mufindi.

Tuanze na 4x2, yaani inchi nne kwa mbili, maana ndiyo inayobeba nyumba. Ikiwa kavu inanyooka, inapokea msumari bila kupasuka, na vijana wangu hupandisha kenchi, yaani fremu za paa, bila kugombana. Dawa huingia kwenye paini kwa urahisi kuliko kwenye saiprasi, na huku kwetu, ambako mchwa hawana likizo, hilo pekee linatosha kunifanya niichague. Kenchi nilizopiga kwa paini kavu zimetulia, na mabati juu yake hayajaanza kupiga mawimbi.

2x2 usinitajie. Paini ya kukomaa husubiriwa miaka kama 18 na zaidi, lakini mkulima mdogo mwenye karo za kulipa hana subira hiyo. Anaukata mti ukiwa bado mchanga. Gogo jembamba hutoa mbao nyembamba, na kiini laini cha mti kinabaki katikati ya mbao yenyewe. Iache juani siku mbili tatu, utaikuta imejikunja kama mkia wa nge. Pao la namna hiyo huwezi kulipigia bati likakaa sawa.

Kabla ya kulipa, tazama kichwa cha mbao. Pete zikiwa pana na chache, na kitone cha kiini kikikutazama katikati, irudishe kwenye rundo. Kisha omba wakukatie kiasi cha shubiri kutoka mwishoni. Iliyotiwa dawa kwa mtambo wa presha inaonyesha kijani kimezama ndani. Kuna yadi moja nilikatiwa kipande, kijani kikawa kimeishia kwenye ngozi, ndani nyeupe pepepe. Mwenye mali hakutahayari: "Fundi, dawa za siku hizi hazina rangi." Sasa ile ya nje ilikuwa nini, hina?

Lawama yangu kubwa ni maji. Dawa hii huchanganywa na maji, kwa hiyo mbao hutoka mtamboni imelowa chepechepe na inahitaji wiki kadhaa ipangwe kwa vijiti katikati ili upepo upite. Inapakiwa hivyo hivyo, inafika hivyo hivyo, na inauzwa siku ile ile. Unalipa futi za mbao, unapewa na ndoo ya maji juu yake.

Kwa nini hawakaushi? Kwa sababu inanunuliwa. Tarehe 24 Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90, na siku hizo 90 zikavuka miaka mitano. Viwanda vya kupasua mbao kule Molo na Elburgon vikafungwa, Tanzania ikashika soko. Julai 2023 William Ruto, aliyetangaza marufuku hiyo akiwa naibu wa rais, akaiondoa akiwa rais. Saiprasi imerudi, lakini kuitoa Molo hadi Mtwapa si mchezo, na ya Tanzania haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha asili cha Afrika Mashariki. Mazoea nayo yameshaingia.

Halafu kuna nyumba. Hesabu ya serikali ni kwamba nchi inahitaji nyumba 250,000 kila mwaka, na zinazojengwa zimekuwa kama 50,000. Tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024, kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 ya kuzijenga. Majengo yale ni ya ghorofa, na mbao nyingi zinazoliwa pale ni za kufungia zege. Anayemwaga zege hajali mbao ikijikunja mwezi ujao, kwa hiyo hanung'uniki ikiwa mbichi. Sisi wa kenchi ndio tunaopiga kelele, nasi ni wateja wadogo.

Bei? Watu hubishania shilingi tano kwa futi wakidhani ni ukaidi. Paa likila futi 2,000, hiyo ni shilingi 10,000, mshahara wa mtu. Lakini mbao mbichi ya bei rahisi utaifungua tena, kwa hiyo mimi huongeza hizo tano nikachagua mwenyewe, moja moja, hata wapakiaji wakinuna.

Kwa 4x2 iliyokomaa natoa nne kwa tano. Kwa 2x2 moja, na hiyo ni kwa ajili ya rangi. Mapao nachukua 3x2, na fremu za dari saiprasi.

Na vile vipande vinavyobaki, mama mwenye mgahawa akija kuviomba kwa ajili ya jiko, mwambie hapana. Dawa ile ina aseniki, na moshi wake si wa kupikia chapati.