Uzoefu wangu na release-please: miezi nane sijagusa namba ya vesheni kwa mkono

Tuko watatu tunatunza pakeji moja ya Python ya kusoma ripoti za malipo ya simu, na zamani namba ya vesheni tulikuwa tunaibadilisha kwa mkono sehemu tatu, pyproject.toml, __init__.py na README, sasa usiku mmoja nikabadilisha mbili nikasahau __init__.py nikarusha PyPI, ghala la mtandaoni ambako watu wanapakua pakeji za Python, mteja akicheki anaona 1.4.2 kumbe alichoinstoo ni 1.4.3, akakesha anatafuta bagi ambalo tulishalirekebisha. Niliumia sana. Na PyPI faili likishapanda huwezi kulipandisha tena kwa jina lile lile hata ukilifuta, kwa hiyo namba ile imeshaungua, unatoa nyingine.

Hapo ndo nikahamia release-please, ni programu huria iliyotoka Google, kazi yake kupandisha namba ya vesheni na kuandaa rilisi, yaani toleo jipya. Inasoma komiti zote (mabadiliko ya kodi yaliyohifadhiwa, kila moja na ujumbe wake) tangu rilisi ya mwisho, ukianza ujumbe na fix: (rekebisho) inapandisha namba ya mwisho, feat: (kitu kipya) ya katikati, ukiongeza alama ya mshangao, feat!:, inapandisha ya kwanza ili watumiaji wajue kuna kitu kitawavunjikia. Halafu hairushi yenyewe, na hapa ndo nilipoipendea. Inafungua GitHub pull request moja (ombi la kuingiza mabadiliko) yenye namba mpya na changelog (orodha ya yaliyobadilika) tayari, kila mkimerge, yaani mkiingiza, kazi nyingine kwenye main, tawi kuu la kodi, inaisasisha ile ile, inawasubiri tu, siku mkiridhika mnaimerge ndo tagi (alama ya vesheni kwenye kodi) na rilisi zinatoka. semantic-release, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, inarusha moja kwa moja bila kusubiri mtu, kwa timu yenye testi za kutosha sawa, ila sisi testi bado chache na kitu kinachogusa hela za watu nataka mtu akiangalie kwanza.

README haiigusi mpaka uitaje kwenye extra-files, orodha ya faili za ziada kwenye mipangilio yake, na uweke alama ya x-release-please-version kwenye mstari wenye namba. Kupandisha PyPI pia siyo kazi yake, hiyo jobu unaandika mwenyewe. Kilichotula siku mbili ni tokeni, ufunguo unaoiruhusu programu ifanye kazi GitHub: pull request ikifunguliwa kwa GITHUB_TOKEN ya kawaida haiamshi workflow (kazi za kujiendesha zenyewe) nyingine, tukawa tunashangaa testi hazianzi, tulikuwa hatujasoma maelezo vizuri, tukaweka tokeni yetu zikaanza.

Lakini kubwa kuliko yote ni hizo komiti zenyewe. Mwenzetu alibadilisha jina la fankshen inayotumiwa na kila mtu akaandika chore: (kazi ndogo za usafi), na chore: peke yake haipandishi namba, ikasubiri ikatoka pamoja na fix: ya mtu mwingine, yaani badiliko la kuvunja kodi za watu limetoka kama kirekebisho kidogo. Programu ilifanya ilichoambiwa, sisi ndo tuliidanganya. Siku hizi tunatumia squash, yaani komiti zote za pull request zinaunganishwa kuwa moja, kichwa cha pull request ndo kinakuwa komiti, na anayerivyu anaanza na kichwa kabla hajafungua kodi, anauliza hivi mtumiaji wa nje ataumia au hataumia? Tukibishana tunabishana hapo hapo, na mabishano hayo yametufundisha pakeji yetu kuliko kitu kingine chochote.

Kwa timu ndogo naipa nyota nne na nusu. Juzi 2.3.0 imetoka nikiwa kwenye daladala, nimeisoma changelog yote kwenye simu, nikamerge, nafika nyumbani mteja ameshaapdeti.