Nafasi ya rezista ipo, wao wanasema tia waya

Seti hii ya kujiundia osileta ya megahezi 10 niliinunua nipate mawimbi ya kurekebishia redio. Bodi ni nzuri, lehemu inashika, hapo sina neno. Neno langu ni R3. Matundu yake yapo, jina limechapwa kabisa, kati ya mguu wa kutokea wa geti (sehemu ya chipu inayosukuma mawimbi) na kristali, kijiwe kinachoshikilia masafa. Fungua maelekezo sasa: R3, unganisha kwa waya. Kwa waya! Hiyo ndiyo rezista inayoizuia geti isiipige kristali kwa nguvu zake zote, na aliyechora bodi alilijua hilo, la sivyo asingeiachia nafasi.

Ilifanya kazi mara moja, siwezi kukataa. Baadaye masafa yakaanza kuhama: unatega redio vizuri, ukigeuka mlio umeshateleza. Mwishowe kuiwasha kukawa bahati nasibu, leo inaitika, kesho kimya. Nikaweka kristali ya akiba, nayo ikaanza mchezo uleule.

Basi nikakata njia ya shaba, nikaunga kiwaya kifupi, nikakipitisha kwenye kipimo cha mkondo cha oskiloskopu. Miliampea 4! Zidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani wa kristali, omu 40 hivi: mikrowati 640. Kristali waliyoitia ni ile ndogo ya kubandikwa juu ya bodi, na karatasi yake inasema isizidi 100. Zile za zamani za kopo refu la bati nyingi hustahimili miliwati 1, kwa hiyo nahisi saketi ilibuniwa kwa kopo, wakabadilisha kristali bila kugusa kingine. Enzi za valvu mafundi walikuwa wakitia kibalbu cha tochi mfululizo na kristali: kikiwaka sana, unajua unaiua. Hawa hata kibalbu hawana.

Nikawaandikia waliotengeneza seti kwa adabu, na vipimo nikaambatisha. Jibu: "Ikilia, imefaulu. Wengine hawalalamiki." Nikauliza tena kuhusu R3. "Kristali ni kristali, ndugu." Ndugu! Kristali ya saa ya mkononi huvumilia mikrowati 1 tu. Iweke kwenye bodi yao halafu mniambie kristali ni kristali.

Nilitoa waya, nikaweka rezista ya omu 1,000. Hesabu haina uchawi: unaanzia karibu na kizuizi cha kapasita ya upande ule, ambayo ni pikofaradi 33, yaani omu 480 kwa masafa haya, kisha unapandisha huku ukipima, bila kuzidisha hadi osileta ishindwe kuanza. Mkondo ukashuka hadi miliampea 1.5, mikrowati 90. Kristali mpya niliyonunua kwingine imetulia, mlio hauondoki mahali pake, na kila nikiwasha inaitika.

Kwa hiyo nilitaka kutoa nyota tatu, maana ukishaiponya ni kifaa kizuri, kizuri kuliko vingi nilivyowahi kuunda. Nne, hata. Lakini kila nikikumbuka lile "ndugu" damu inachemka. Rezista moja, kitu cha bei ya bure, na nafasi wameshaichimba wenyewe! Nyota moja. Na kristali zangu mbili nazidai bado.