Buti za mlima za mtumba Memorial, Moshi: kibanda cha mzee anayekukatalia kiatu

Kama wewe ni mwanamume na unavaa namba 43, huhitaji kusoma maelezo yote haya. Ingia soko la Memorial asubuhi, pita upande wa viatu, utatoka na buti kabla jua halijawa kali. Mimi navaa 39. Kisigino changu ni chembamba na mbele mguu umetanuka, kwa sababu nimekua nikitembea peku Kibosho. Nilianza mlimani Kilimanjaro kama mpagazi, sasa ni mwongoza wageni msaidizi, na niwaambie ukweli: kwa mwanamke wa kazi hii, kupata trip ni rahisi kuliko kupata buti.

Kibanda ninachokisifu hakina bango. Mwenyewe ni mzee wa makamo ya baba yangu, mpole, anapokea shikamoo yako bila kuinua macho kwenye kiatu anachokisugua. Mabuti yananing'inia jozi kwa jozi, yamefungwa kwa kamba zake yenyewe. Mengi ni ya Ulaya: Meindl, Lowa, Hanwag, Scarpa, La Sportiva. Hayo mapya yanauzwa huko zaidi ya euro 200, na hapa utayakuta yamekaa jirani na raba za shule.

Kitu cha kwanza anachouliza si namba. Anauliza, "Unabeba au unaongoza?" Ukisema unabeba, anauliza njia gani. Mtu wa Marangu anayelala vibandani na mtu wa Machame anayepanda ukuta wa Barranco akiwa na kilo 20 za mgeni, juu yake begi lake mwenyewe, hawapewi kiatu kimoja. Mwenye mzigo anahitaji soli ngumu isiyokunjika ovyo, maana kila jiwe linalopenya soli laini linapiga unyayo siku nzima. Anayetembea na chupa ya maji na redio anaweza kuvaa chepesi.

Halafu anatoa soli ya ndani, anaiweka chini na kukusimamisha juu yake. Hapo huwezi kujidanganya. Mbele ya kidole gumba lazima ibaki nafasi ya upana wa kidole, na nyama ya mguu isimwagike pembeni. Ikimwagika, kiatu ni chembamba, na hakuna namba kubwa itakayokusaidia. Utaongeza urefu tu na kisigino kitaanza kucheza. Ikipita hapo, unaingiza mguu bila kufunga kamba, unasukuma vidole mpaka vigonge mbele, naye anapitisha kidole chake nyuma ya kisigino. Kikiingia bila kubanwa, mnaendelea. Vikiingia viwili, anakuvua.

Mwisho ni ubao. Ni kipande cha mbao alichokiegemeza kwenye tofali mbili, kimeinama kuliko ngazi ya kawaida. Unafunga kamba, unapanda, unageuka, unashuka ukikanyaga kwa nguvu. Watu wengi dukani hujaribu kiatu kwenye sakafu, na kwenye sakafu kila kiatu ni kizuri. Mlima wetu unaumiza wakati wa kurudi. Siku ya kilele unatoka Uhuru, mita 5,895, unalala kambi ya Mweka kwenye mita 3,100 hivi, na kesho yake unashuka tena msituni hadi geti. Kidole kinachogusa mbele ya buti kwenye ubao ule wa mzee, ndicho kitakachopoteza kucha Mweka. Wapagazi wenzangu wanaovua soksi pale wanajua ninachosema.

Mimi nilikwenda na moyo wangu kwenye La Sportiva moja ya bluu, safi, nyepesi, ingependeza hata kwenye picha za wageni. Nikashuka ubao mara ya kwanza, akanitazama miguu. Mara ya pili akasema, "Vua, mwanangu, hii si yako. Vidole vyako vimefika mwisho." Nikamwambia nitavaa soksi nyembamba. Akacheka. Kule kambi ya Barafu saa sita usiku, mnapoanza kupanda kileleni, soksi nyembamba ndani ya buti inayobana ni kuita ganzi, maana damu haipiti na kidole hakina hewa ya kukipasha. Akaitundika tena ile ya bluu mahali nisipoweza kuifikia.

Alichonitolea kilikuwa chini ya turubai, na mimi peke yangu nisingekigusa: Meindl ya ngozi ya kahawia, shingo ndefu, nzito, ya wawindaji. Huko Ujerumani na Austria watu wanawinda milimani, wanatembea nje ya njia kwenye miteremko ya mawe na kurudi na mnyama mgongoni, kwa hiyo kiatu chao kina soli ngumu, kina mpira unaozunguka chini kuikinga ngozi na mawe, na kinashika kifundo vizuri. Ukiondoa bunduki na mnyama, hiyo ndiyo kazi ya mgumu, yaani mpagazi, wa Kilimanjaro.

Sababu iliyofanya isinunuliwe ni namba. Ulimi wa kiatu umeandikwa 6. Meindl, Lowa na Hanwag wanatumia namba za Uingereza, wakati Scarpa na La Sportiva wanatumia zile za Ulaya tulizozizoea. Wapita njia wakiona 6 wanadhani imekosewa au ni ya mtoto. Sita ya Uingereza kwa viatu hivyo ni kama 39 na nusu, karibu kabisa na 39 yangu. Dada zangu mnaohangaika, tafuteni 5, 5½ na 6 kwenye viatu vya Kijerumani; hapo ndipo viatu vyetu vimejificha.

Kisigino kilicheza kidogo, na mzee hakunificha. Akanionyesha kufunga: kaza kamba mpaka kwenye kulabu za kifundo, hapo zungusha kamba mara mbili badala ya moja ili isilegee, ndipo upande juu na kuacha shingo ikiwa huru kidogo. Kisigino kikatulia. Aliniambia pia nisije tena kununua kiatu asubuhi. Mguu unavimba kadiri siku inavyokwenda, na mlimani unavimba zaidi, kwa hiyo saa kumi jioni ndiyo saa ya kupima.

Sasa niseme kuhusu hatari ya mtumba, kwa sababu hapa ndipo watu wanapigwa. Buti nyingi za mlima zina povu la poliurethani kati ya ngozi na soli ya chini. Povu hilo linanyonya unyevu wa hewani na kuoza polepole kwa miaka, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Tena kilichokaa ndicho kibaya, maana kinaonekana kipya: ngozi inang'aa, meno ya soli hayajalika, bei iko juu. Kisha siku ya tatu mlimani soli inaachia kama ganda la ndizi. Nilishuhudia kwa mgeni aliyekodi buti kwenye duka moja hapa mjini, silitaji. Soli ya kulia ilibanduka kabla ya Barafu, ya kushoto ikafuata, na tulimfunga kwa utepe wa gundi na kamba ya hema. Povu lilikuwa limekuwa unga, ukiligusa linabaki kidoleni.

Mzee analikagua kwa ukucha wa kidole gumba. Anabonyeza pembeni ya povu pande zote mbili. Likirudi haraka ni zima, likibaki na shimo, likipasuka vinyufa au likinata, anakitupa kwenye gunia la fundi. Baadaye anakunja kiatu na kukisokota kama anakamua. Wauzaji wengine hawapendi ufanye hivyo na mali yao. Asiyetaka ufanye, mwache.

Na msidhani fundi atawaokoa. Mafundi wetu wa Moshi ni hodari, wanabandika na kushona soli vizuri, lakini gundi haishiki kwenye unga. Uzi nao unapotoboa kiatu chenye Gore-Tex, ule utando wa ndani unaozuia maji, maji yamepata mlango. Kuhusu maji, mzee ana ndoo. Anajaza buti magazeti, anaizamisha mpaka karibu na kifundo, mnapiga soga, anatoa magazeti. Yangu yalitoka makavu. Ya kijana aliyekuwa pembeni yangu yalilowa, akapunguziwa bei na kuambiwa aivae kiangazi tu, asiingie nayo msitu wa Machame kati ya Machi na Mei.

Alianzia 90,000, nikalipa 75,000. Kwa mtumba si rahisi, lakini nilizivaa kwanza mjini na kwenye vilima vya nyumbani mpaka ngozi ikakubali mguu wangu, ndipo nikapanda nazo. Machame zilikula tope bila kulalamika. Barranco zilishika mwamba. Kwenye changarawe za kushuka kutoka Stella Point, pale chini ya kilele, nilipiga visigino nilivyotaka, na Mweka nilivua soksi nikakuta kucha zote zipo. Ubaya wake ni uzito. Ukifika jioni mapaja yanajua. Na ngozi inataka mafuta kila unaporudi, usiianike juani wala karibu na jiko.

Malalamiko ninayo. Hakuna kiti, unajaribu kiatu ukiwa umesimama kwa mguu mmoja huku umemshika mtu usiyemjua begani. Mwanga ni mdogo chini ya turubai, kwa hiyo bebeni buti nje mkaikague. Hakuna risiti na mali ikitoka hairudi. Mgeni mwenye kamera anatajiwa bei yake peke yake, nendeni naye mtu wa mjini. Namba ndogo zinakuja kwa bahati. Mimi nilisubiri belo kadhaa zifunguliwe, na nilikuwa nimeacha namba ya simu. Kwa anayeanza kazi na hana hiyo 75,000, ningemwambia aanze KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, pale Moshi wanaazima wapagazi mavazi ya mlima bila malipo, ndipo akusanye taratibu.

Kama unakwenda wiki hii, nenda jioni, beba mzigo kidogo mgongoni wakati wa kushuka ule ubao, na uende na soksi zako nene za sufu. Anazo za kujaribia, jozi moja ya kijivu kwa wateja wote, na kwa harufu yake sidhani kama imewahi kuona sabuni.